Kura Moja ya Gavana

Redio ya mgahawa wa Lorraine ilitangaza matokeo ya mchujo wa kumpata mgombea urais kabla kahawa ya kwanza haijapoa. Katika kijiji cha Tilbury Notch walipiga kura watu arobaini na mmoja. Seneta kapata arobaini. Gavana kapata moja.

Wendell, ambaye kaskazini yote ya jimbo la New Hampshire humwita Nabii, alisukuma sahani ya pankeki pembeni. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa hajawahi kukosea mshindi wa kijiji, na kila mchujo wanahabari hupigana vikumbo kukaa naye kaunta. Wiki iliyopita aliiambia televisheni kwamba Gavana atazoa kura zote. Sasa aliona jina lake linakwenda na maji, na ilimuuma kweli.

"Umetuaibisha, Nabii," alisema Koleo, dereva wa gari la kusafisha theluji. "Ulisema atazoa. Kazolewa."

"Mimi nilihesabu midomo yenu. Wewe si ulibandika picha yake kwenye gari la serikali mpaka ukaitwa ofisini? Na Shemasi hapa, Gavana alipokuja kampeni, si alimwombea mpaka pai ikapoa?"

Koleo akaapa kwamba ile kura moja ni yake. Shemasi, fundi bomba anayehudumu kanisani Jumapili, naye akasema ni yake, tena yuko tayari kushika Biblia. Nabii alikumbuka vizuri kabisa jinsi alivyoweka alama kwenye jina la Seneta, mama ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimponda majira yote ya baridi. Hata hivyo akagonga kaunta: kura ile ni yake, asiyeamini watoke nje wakazichape.

"Kura moja, wenyewe watatu," Koleo akasema. "Basi tulimpigia kwa zamu."

Lorraine alikuwa akijaza vikombe. "Msitoane macho. Ile ni yangu."

"Wewe?" Nabii akamkazia macho. "Si ulimwambia usoni kwamba hata foleni ya chooni hawezi kuiongoza?"

"Nilimwambia, na bado naamini hivyo. Lakini jana mlivyorudi kutoka kupiga kura, hamtazamani, kila mtu anasifia hali ya hewa. Theluji imefika kiunoni, nyie mnaisifia. Nikajua mmemtosa. Mtu kala pai yangu mara nne, nikaona asiondoke mikono mitupu. Nikavaa koti, nikaenda."

Mlango ukafunguka, akaingia binti wa televisheni na mpiga picha wake, akauliza nani atamtabiria mchujo unaofuata, wa jimbo la South Carolina. Nabii akaweka kola sawa. Koleo na Shemasi, bila kuambizana, wakamwonyesha Lorraine kwa vidole.

Lorraine akafuta mikono kwenye aproni.

"Nenda kwenye migahawa ya huko, usikilize nani anasifiwa sana," alisema. "Huyo andika kashindwa."