Naomba Nirudishiwe Kichefuchefu Changu

Hezekia Shemweta,
Kijiji cha Mgwashi,
Bumbuli.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Miwani ya Wasafiri,
Tanga.

Ndugu Mratibu,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA HALI YANGU YA AWALI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mlio hapo ofisini. Huku kwetu mvua zinanyesha vizuri, maharage yamekubali, na mimi mwenyewe sina ugonjwa wowote. Hilo la mwisho ndilo linaloniandikisha barua hii.

Kwa kuwa mna watu wengi mnaowajaribu, huenda hunikumbuki. Mimi ndiye yule mzee wa Mgwashi aliyenyoosha mkono mkutanoni kabla swali halijaisha, pale ofisa wenu, binti Zakia, alipouliza ni nani hutapika akipanda gari. Nilinyoosha kwa fahari. Milimani huku sijaona mtu anayetapika kunizidi, na nilitaka wataalamu waje wajaribu, washindwe, waandike kwa muhuri kuwa Hezekia Shemweta ameshindikana. Sikujua kuwa mtu akija na swali kama lile anaweza kuwa na nia ya kuponya kweli.

Binti Zakia alinieleza kwa adabu, tena baada ya shikamoo, namna kifaa chenu kinavyofanya kazi. Gari likikata kona, masikio hujua kuwa tunageuka, lakini macho yaliyotulia kwenye kiti cha mbele hudai kuwa tumekaa tu. Wawili hao wanagombana, na anayelipa gharama za kesi ni tumbo. Miwani yenu hufunika nusu ya uso. Ndani mna kioo kinachoonyesha njia ya mbele kama ilivyo, na pembeni kabisa, pale jicho linapoishia, mna nukta za kijani. Ukigeuza kichwa kulia, nukta zinakimbilia kushoto. Gari likiinama, nazo zinainama. Hivyo macho yanapata habari ile ile iliyoko masikioni, na ugomvi unakwisha. Nilimwambia nimeelewa, kwa kuwa mimi ni mjumbe wa baraza la usuluhishi la kata yetu na kazi ya kupatanisha naijua. Ila sisi kwenye baraza hatupatanishi watu kwa kuwapitia pembeni bila kuwatazama usoni. Baada ya utangulizi huo, naomba niyataje malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Nukta zenu hazina adabu. Siku ya kwanza nilivaa miwani uani kwangu, kama nilivyoelekezwa, ili niizoee kabla ya safari. Mara nikaona kitu kinanipita upande wa kulia. Kwetu anayekupita karibu hivyo anasalimia, na mwenye umri kama wangu anaamkiwa. Nikasimama nikasubiri shikamoo. Haikuja. Nikageuka nimtazame huyo asiye na malezi, naye akakimbilia upande wa pili. Nikageuka tena, akakimbia tena. Nilizunguka hivyo mpaka mke wangu, Eliza, akatoka jikoni kuuliza kama nafukuza kuku. Nikakumbuka kuwa ni nukta, lakini moyo ulikuwa umeshaudhika. Baadaye nikafikiri labda ni mimi mkosaji, labda zenyewe zimenizidi umri, nikaamua kuanza mimi. Nikasema "Onga mshi", kwa Kishambaa, kwa sauti, endapo Kiswahili hazikijui. Eliza akaniambia, "Baba Janeth, huyo ng'ombe hajazoea kuamkiwa." Kumbe nilikuwa nimeelekea bandani. Habari hiyo ilifika kisimani kabla ya maji ya siku hiyo kuchotwa, na tangu hapo vijana wakinikuta njiani wananiuliza hali ya ng'ombe kwanza.

2. Nukta zinachunguza mambo yasiyozihusu. Nikitikisa kichwa kukataa ugali wa jana, zinacheza. Nikiinamisha kichwa wakati wa sala ya chakula zinashuka nami, na nikifungua jicho moja kuona kama nyama imegawiwa kwa haki, zinakuwa za kwanza kujua. Najua utaniuliza kwa nini navaa miwani mezani. Nilikuwa naizoea.

3. Miwani imeniharibia safari. Hapa naomba unielewe vizuri. Mimi husafiri na kopo, kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, nalo linajulikana barabara yote kutoka Bumbuli hadi Soni. Kondakta akiliona tu ananipa kiti cha mbele dirishani, hata kama kimekaliwa na mtu mwenye cheo. Abiria hunyamaza. Dereva hupunguza mwendo. Kwa heshima hiyo sijawahi kukaa nyuma tangu nianze kuota mvi.

Siku ya majaribio nilivaa miwani, nikashika kopo, nikaingia. Kona ya kwanza nikajiandaa. Nukta zikainama, zikainuka, na tumbo likabaki limelala. Kona ya pili nikafungua mfuniko kabisa, kulikaribisha. Hakuna. Nilifika sokoni Soni na kopo kavu, nimekula ndizi njiani, na nilikuwa nimeimba. Ninyi mtaita hayo mafanikio. Wakati wa kurudi, kondakta aliniangalia mimi na kopo langu kavu, akanipeleka kiti cha nyuma kabisa kati ya viroba vya kabichi. Eliza naye amelitoboa lile kopo chini, amepanda giligilani. Giligilani imeota, kwa hiyo hata mkinisaidia leo, kopo sina.

4. Natumwa. Zamani ukitokea msiba bondeni, watu walisema, "Mzee Hezekia tumwache, yeye na zile kona hawapatani," nami nikainama kwa huzuni na kurudi kulala. Sasa nawekwa wa kwanza kwenye kila ujumbe. Nimeshazika watu nisiowafahamu.

5. Hili nilitaka kuliacha, lakini Eliza amesema kama naandika basi niandike lote.

Nina binti mmoja, Janeth, ameolewa Tanga na kijana anayeitwa Issa. Ni kijana mzuri, sina neno naye. Siku ya kumpeleka binti tuliteremka na basi dogo la harusi, na kwa heshima ya wakwe nikakalishwa karibu na baba yake Issa, Mzee Idrisa, mtu mtulivu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi na balaghashia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono. Kopo langu lilikuwa juu ya keria pamoja na mizigo, kwa sababu Eliza alisema kopo halipendezi kwenye harusi. Tulipopita Soni, mambo yakaanza kupanda. Nilimwomba Mungu aniache mpaka Mombo tu. Mzee Idrisa akanitazama, akaelewa, akavua balaghashia yake na kunikingia chini ya kidevu kwa mikono miwili.

Ndugu Mratibu, mimi ni mtu niliyelelewa. Kitu cha mkwe hakikataliwi. Nilikipokea.

Mzee Idrisa akaikunja taratibu pamoja na vilivyomo, akaishika magotini mpaka Mombo, akasimulia habari za bei ya machungwa Muheza. Harusini alikaa kichwa wazi mbele ya ukoo wake wote na hakumwambia mtu sababu. Angenitukana, ningepona. Angenicheka, tungecheka wote. Lakini tangu siku hiyo kila sikukuu ananitumia salamu na kifurushi cha halua, na kofia haitaji. Ile halua mimi huwa inanikwama hapa kooni.

Basi nikatangaza kuwa hali yangu imezidi na kwamba chini ya Soni siwezi tena. Watu wakanihurumia. Janeth ndiye aliyekuwa anapanda na mtoto kila alipopata likizo, mpaka alipoanza kazi ya zamu na likizo zikawa haba. Kwenye nyumba yao wametenga chumba wanachokiita chumba cha babu. Kina kitanda na chandarua, na nasikia hakuna anayeruhusiwa kuweka hata gunia la mkaa humo. Mjukuu wangu Shamsa, anayeanza shule sasa, ananijua kwa simu ya video. Juzi aliniangalia kwa muda mrefu kwenye simu, nami uso wangu umejaa kioo kizima kama kawaida, halafu akaniuliza, "Babu, una miguu?"

Nilimjibu kuwa ninayo. Akasema nimwonyeshe. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Sasa unaona mlichonifanyia. Zamani swali lile lingejibiwa na kichefuchefu. Ningesema, "Mjukuu wangu, miguu ninayo ila tumbo ndilo linalokataa," na kila mtu angeridhika. Ninyi mmekuja na nukta zenu mkaondoa tumbo kwenye mazungumzo, na nikabaki mimi peke yangu na Mzee Idrisa na kofia. Binti Zakia alituandikia fomu ndefu ya madhara tunayoweza kuyapata, kichwa kuuma, macho kuchoka, lakini humo hamkuandikwa kwamba mtu anaweza kukosa kisingizio. Nasema wazi kuwa nimeumia. Mtu mzima hawezi kuambiwa ghafla kuwa kinachomzuia ni aibu tu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya matatu, lolote lililo jepesi kwenu:

(a) Kichefuchefu changu kirudishwe kama mlivyokikuta, kisipungue.

(b) Kama kimeshapotea, niandikiwe cheti cha kuthibitisha kuwa siruhusiwi kuteremka chini ya Soni. Kiandikwe kwa lugha ya kitaalamu ambayo mke wangu hataielewa, na kiwe na mihuri zaidi ya mmoja, maana Eliza muhuri mmoja haumtishi.

(c) Kama cheti nacho hakiwezekani, nukta zirekebishwe zifanye kazi wakati wa kupanda mlima tu. Wanaorudi nyumbani wafaidike, na wanaoteremka waachwe na hali zao kama Mungu alivyowapangia. Nadhani hili kwa mafundi wenu si kazi kubwa, ni kugeuza waya.

Miwani naiambatanisha na barua hii. Ni nzima, nimeifuta vumbi, na pale pembeni palipo na alama ya jino ni ng'ombe.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi, mafundi, wapishi wa chai, na mlinzi wa getini. Binti Zakia mwambie sina kinyongo naye, alikuwa na heshima kuliko vifaa vyake. Wengine wote waliojaribiwa pamoja nami wasalimie pia, hasa wale mlioshindwa kuwaponya, na uwaambie nawaonea wivu. Nukta usizisalimie mpaka zianze zenyewe.

Wako ninayesubiri kuugua,

Hezekia Shemweta,
Mzee wa Kanisa na Mjumbe wa Baraza.

Nyongeza: Barua hii na miwani nilitaka kumkabidhi kondakta azilete. Lakini nilipomwona anavyorusha kabichi kwenye keria, nikaona si busara kumpa kifaa cha watu, nikaamua kuileta mwenyewe. Kwa kuwa kwenye begi ingegongwa, nikaona pa salama pa kuibebea ni usoni pangu. Hivyo nimeteremka hadi Tanga kuja kulalamika kuwa naweza kuteremka hadi Tanga. Ofisi yenu nimeikuta imefungwa. Mlinzi akanieleza kuwa leo ni Jumapili, jambo ambalo mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nalijua.

Mzee Idrisa ndiye aliyenipokea stendi, kumbe Eliza alishampigia simu. Alikuja kichwa wazi. Nilianza kuomba radhi ningali mlangoni mwa basi, na watu nyuma yangu wanasukuma, lakini alinishika mkono akasema, "Shuka taratibu, mkwe wangu. Kofia nimeiacha nyumbani, sikuwa na uhakika na hali ya njia." Nikacheka, naye akacheka mpaka akakaa juu ya begi langu. Halua ya leo imeshuka vizuri.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nayafuta, na malalamiko namba mbili hadi tano nayafuta pia. Miwani nitaileta wiki ijayo, au ile inayofuata, maana kitanda cha chumba hiki ni kizuri.

Namba moja tu ndiyo inayonipa taabu. Nilipofika mlangoni kwa Janeth, Shamsa alitoka mbio, akasimama mbele yangu. Akachuchumaa, akagusa kiatu cha kulia, akagusa cha kushoto, akamwita mama yake aje aone. Shikamoo ilikuja baadaye sana, na mimi nikaisubiri bila kulalamika.