Programu Yangu Imenirudisha Juani

Jamani, leo sina pa kuuficha uso.

Mnajua nalinda geti la maghala huku Uarabuni, mtaa wa Abu Hamour. Juani. Kiangazi hiki nimechoka mpaka kivuli changu kimechoka. Ninachoota ni chumba cha kamera tu: ndani, kiti, baridi ya eisii! Ndiyo maana najifunza C, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu (matokeo yangu ya fomu foo tuyaache yapumzike).

Wiki hii nafasi ya kamera ikatoka. Msimamizi wetu Kamau, Mkenya, akaniambia: "Nionyeshe hiyo maneno yako ya kompyuta, nione kama wewe ni mtu wa kukaa ndani."

Nikaandika programu ya kuamua. Joto likizidi 30, iseme: "Kunywa maji, endelea na kazi." Chini yake: la sivyo, likizidi 45, iseme: "Ingia ndani upumzike." (Niliwafikiria walinzi wote wa mageti. Nilijiona mkombozi.)

Leo mchana nikaitwa ofisini. Kamau yupo, na Atieno, dada wa IT.

"Nje joto ngapi?" Kamau akauliza.

"Arobaini na saba, bosi."

Nikaandika 47 kwa madaha. Nikabonyeza.

"Kunywa maji, endelea na kazi."

Eh! Nikaweka 49. Maji, kazi. Nikaweka 60! (Kwenye 60 mtu si mlinzi tena, ni mshikaki.) Maji, kazi.

Kamau alicheka mpaka akashika meza. "Wewe! Hata mudir, yule bosi mkubwa, hana roho mbaya hivi!"

Atieno akanionea huruma. "Kaka, inasoma kutoka juu. 47 si imezidi 30? Ikikubali hapo, ya chini haiangalii kabisa. Ungeanza na ile kubwa."

"Bosi, nipe dakika nigeuze!"

"Ngoja kwanza. Programu ni ya nani?"

"Yangu."

"Imesema ufanye nini?"

"Ninywe maji."

"Na?"

"...Niendelee na kazi."

"Haya. Yalla, getini! Kesho ulete ingine." Akanipa chupa ya maji baridi. (Mtesi, lakini ana utu.)

Sasa niko getini. Mistari nimeshaigeuza, na yale maji yameshakuwa chai. Mkipita hapa, kama mna barafu, simameni. Kama hamna, piteni, na kucheka mkachekee mbele.