Mwamuzi Hutundika Chake Kwanza

Mjini halali njaa mwenye ulimi, na Sharubati alikuwa na ulimi wa kulisha ukoo mzima. Tatizo ni kwamba ukoo wenyewe ulikuwa umeshamchoka. Yeye na mkewe waliishi kwa mama mkwe, chumba cha nyuma, na mama mkwe alikuwa ametamka mbele ya mashahidi: "Siku nikisikia umemtapeli mtu tena, baba, mabegi yako utayakuta nje. Mwanangu atabaki."

Mkewe siku hiyo hakumtetea. Hilo lilimuuma Sharubati kuliko ile hukumu, maana yule mwanamke alimpenda kweli, kwa namna yake. Ndiyo maana alikata shauri kuacha utapeli kabisa, mara tu baada ya ule wa mwisho.

Ule wa mwisho ulimkuta njiani, hakuutafuta. Alikuwa anapita mbele ya ukumbi wa mtaa aliposikia watu wakitukanana kistaarabu, yaani kwa sentensi ndefu. Akachungulia. Ndani kulikuwa na picha, vinyago, vyungu, na wasanii watatu waliokunjiana ngumi ambazo hazikuwa na nia ya kufika popote.

"Mwaka jana alishinda mpwa wako!"

"Na mwaka juzi alishinda jirani yako, aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano!"

"Ule wa tano ulikuwa mkia!"

Mlangoni palibandikwa tangazo: anatafutwa mwamuzi wa maonyesho, awe mgeni kabisa, asiyemjua mtu wala kujulikana na mtu. Sharubati aliguswa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kazi inayomwelezea vizuri namna ile. Akaweka kola yake sawa, akaingia.

"Samahanini, ndugu zangu. Mimi napita tu, lakini macho yangu yamekataa kupita."

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye kilemba kilichotapakaa rangi, alimtazama kuanzia viatu. "Wewe nani, baba?"

"Mtu wa sanaa tu, mama. Nimeamua maonyesho mengi, sipendi kuyataja."

"Yapi?"

"Ndiyo hayo nisiyopenda kuyataja."

Wasanii wakatazamana. Unyenyekevu wa aina ile, walisema, hawajauona siku nyingi. Palepale wakamwomba awe mwamuzi, na palepale akakataa, akakataa tena kidogo, kisha akakubali kwa huzuni kama mtu anayebebeshwa mzigo wa taifa.

"Ila tuna utaratibu wetu," mwenyekiti akasema. "Mwamuzi hutundika chake kwanza. Lete kitu kizuri kutoka nyumbani kwako, kikae ukutani na vyetu hadi siku ya tuzo. Usipime vya wenzako nasi hatujaona jicho lako."

"Utaratibu mzuri mno," akasema Sharubati, ambaye nyumbani alimiliki kitana na deni la kinyozi.

Lakini mama mkwe alikuwa kwa dada yake, hatarudi hadi Jumapili jioni. Na ukutani kwake ilining'inia saa ya marehemu baba mkwe: kasha la mbao nyeusi lenye nakshi za majani, uso wa shaba, na ndani yake kitu kilichogonga kwa sauti ya kumwamsha jirani. Mama mkwe aliitia ufunguo kila Jumapili kwa mkono wake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Sharubati aliishusha, akaizima isije ikapiga kelele wakati yeye anahutubia, akamwambia mkewe anaipeleka kwa fundi ikang'arishwe, wamshangaze mama.

Mkewe akatabasamu. Tabasamu lile lilikuwa limepotea miezi mingi, na lilimpa Sharubati aibu iliyodumu hadi kwenye kona ya mtaa.

Ukumbini saa ilipokelewa kwa heshima zote, ikapewa ukuta wa katikati. Sharubati akaanza kazi. Mikono nyuma, kichwa upande, alisimama mbele ya kila picha hadi mwenye picha akaanza kutoka jasho. "Hii inapumua," alisema. Kwenye inayofuata: "Hii imelala, lakini usingizi wake una maana." Kwenye chungu kilichopasuka aliguna tu, na guno lile likajadiliwa hadi mchana.

Mchongaji wa kikundi, mzee mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ndiye aliyemfurahisha zaidi. Kila siku alisimama mbele ya saa na futi ya kupimia. "Niruhusu nijifunze, mkuu. Nakshi za zamani hizi, leo nani anazijua?"

"Jifunze, mzee wangu. Elimu haina mwisho."

Kisha vikaanza vile alivyovijia. Mchoraji alimvuta pembeni na boksi la simu mpya, bado imefungwa nailoni. "Si hongo, mkuu. Ni heshima tu."

"Na mimi si mtu wa kukataa heshima. Nafasi ya kwanza ni yako."

Mfinyanzi akaja na viatu vyeusi vinavyong'aa ndani ya boksi lake, naye akaahidiwa nafasi ya kwanza. Mchongaji akaleta saa ya mkono. Hata mwenyekiti, aliyekuwa akihubiri haki tangu siku ya kwanza, alimpenyezea mkufu uliofungwa kwenye leso. Sharubati hakuvaa wala kufungua nailoni. Mali iliyofunguliwa hushuka bei. Aliwadharau kidogo. Watu wazima, wenye vipaji, na wote wananunua nafasi ileile moja! Angepata bei nzuri sokoni, angemkodishia mkewe nyumba yao wenyewe, na hapo angeokoka rasmi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kabla ya tuzo, mwenyekiti alimnong'oneza: "Saa yako tumeshakufungia kwenye shuka, iko chumba cha nyuma. Usije ukapata tabu baadaye."

Wapumbavu wema hawa, Sharubati akawaza. Akawatangazia kwamba uamuzi mkubwa huhitaji faragha, akaingia chumba cha nyuma, akabeba furushi la saa na mkoba wa heshima zake, akatokea dirishani. Hakuna aliyemfukuza. Wala hilo halikumshangaza.

Alifika nyumbani, akaitundika saa mahali pake, na kabla hajashuka kwenye stuli mama mkwe akaingia na kikapu chake cha safari.

"Mbona saa imesimama?"

"Imetoka kwa fundi, mama," mkewe akadakia kwa furaha. "Mume wangu ameing'arisha kwa ajili yako."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa upole ambao hakuwahi kumtazama nao. Akachukua ufunguo, akanyoosha mkono. Ufunguo ukagonga mbao. Akajaribu tena. Tundu lilikuwa limechorwa. Mishale ilikuwa imechorwa. Shaba ilikuwa rangi, na kivuli cha mishale juu ya shaba nacho kilichorwa, kwa ustadi wa kutisha.

Sharubati aliurukia mkoba. Simu ilikuwa kipande cha mbao kilichopigwa msasa. Viatu vilikuwa karatasi na gundi. Mkufu ulimwachia rangi ya njano viganjani. Akatoka mbio.

Ukumbi ulikuwa mtupu, na mfagiaji alikuwa ameshafika katikati.

"Kikundi cha sanaa kiko wapi?"

"Wale? Walikodi ukumbi wiki moja tu. Nasikia wanapita mji hadi mji. Wakifika wanagombana mlango wazi, mpaka apatikane mwamuzi." Mfagiaji akaegemea ufagio. "Hodari sana kwa kuiga vitu. Safari hii wamempata nani?"

Sharubati akakohoa, akaondoka.

Alirudi akiwa na uongo wa namna tatu njiani, na kila mmoja ulimfia mdomoni alipofika mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi, saa ya bandia mapajani, akifuata nakshi kwa kidole. Mkewe alisimama nyuma ya kiti na macho mekundu. Basi kwa mara ya kwanza akasema ukweli wote, tangu tangazo hadi dirisha, na hata yeye aliona ulivyokuwa mbaya bila ya kupambwa.

Mama mkwe aliinua saa kwenye mwanga.

"Marehemu angelia," akasema. "Lakini hii ni kazi. Jani kwa jani. Aliyeichonga ni mwizi, ila ni mwizi aliyekaa chini akatoka jasho. Itabaki kwangu, palepale ukutani."

"Asante, mama," Sharubati akashusha pumzi. "Nilijua una moyo wa—"

"Nimesema saa, baba."

Mkewe akaingia chumba cha nyuma. Sharubati alisubiri asikie akilia, au walau akigombana na mama yake kwa ajili yake. Alisikia zipu ya begi lake ikifungwa taratibu, mpaka mwisho.