Jiwe la Yunisi na Mihimili Mitatu

Jumatatu, 8 Juni

Yunisi amekufa. Mke wangu. Presha. Alfajiri alikuwa anawasha moto, akakaa chini, basi.

Watu wamejaa. Wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto. Shemeji yangu Mughwai, mdogo wake Yunisi, amelia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi sijalia. Nimefunga mbuzi, nimeazima masufuria, nimeonyesha watu choo.

Jambo moja linanisumbua. Jumamosi Yunisi alichoma jiwe. Sisi wapasua kokoto wa hapa Issuna tuna sheria yetu machimboni: jiwe ni la aliyelichoma. Unapanga kuni na tairi bovu juu yake, unawasha, jiwe linalegea, ni wewe unagonga. Hakuna mwingine anagusa. Na jiwe la Yunisi ni kubwa kama chumba, linakinga upepo, kila mtu alikuwa analitaka. Sasa jiwe limelegea na mwenyewe yuko ndani amefunikwa shuka. Aliyechoma akifa, jiwe ni la nani? Sheria haisemi. Hajawahi kufa mtu akiwa na jiwe.

Ni langu. Mimi mume.

Jioni Mughwai akanisogelea. Akasema, shem, na lile jiwe la dada? Watu wengine hawana haya. Maiti iko ndani! Nilikuwa nimepanga kumwambia mimi kwanza.

Jumatano, 10 Juni

Tumezika. Upepo mkali. Mchungaji alimeza vumbi, mahubiri yakawa mafupi. Nashukuru.

Sasa ni matanga. Mume na ndugu wa marehemu hawashiki nyundo mpaka matanga yaanuliwe. Vizuri. Mughwai naye hawezi kugonga. Tumekaa mkeka mmoja, kila mtu anamlinda mwenzake. Akienda chooni namsindikiza.

Nimeshika simu ya Yunisi. Alikuwa anasoma humo, Historia na Uraia, video, ana mwalimu wake. Alitaka kufanya mtihani wa watu wazima mwishoni mwa mwaka. Mimi niliishia darasa la tatu, nilikuwa namcheka. Wiki iliyopita alijiunga bando la mwezi mzima. Bando halizikwi. Nikafungua.

Mwalimu ni kijana, ana tai, anachora ubaoni. Kila akimaliza sentensi anauliza, tuko pamoja? Nikamjibu tuko pamoja. Hakusikia. Akaendelea. Amesema andikeni. Ndiyo maana naandika.

Chrispin amekuja. Ni Mnyiramba, mtani wetu sisi Wanyaturu. Mtani msibani anafanya anavyotaka na huruhusiwi kukasirika. Akavaa kitenge cha Yunisi, akachukua simu, akakaa kama yeye, mguu mmoja mbele, akainua kidole: "Tuko pamoja mwalimu! Ila Gasto hayuko pamoja, Gasto anakoroma!" Sauti yake kabisa. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Mimi Gasto mwenyewe pia nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya zizi kidogo.

Alhamisi, 11 Juni

Leo Mkutano wa Berlini. Wazungu walikaa mezani wakagawana Afrika, na wengi wao hawajafika hata Manyoni! Mwalimu amesema ukitaka sehemu unasimika bendera, unawatangazia wenzako. Rahisi hivyo! Na mimi nimekaa tu nakunywa uji wa msiba.

Siwezi kutoka mkekani. Nikamtuma Chrispin. Nikamwambia aingie ndani achukue kitambaa cha Yunisi, akifunge kwenye mti, akasimike juu ya jiwe, atangaze ni la Gasto.

Mtani ni mtani. Alisimika shimizi. Nyekundu.

Ng'ambo ya barabara kuna mkandarasi. Akitaka kulipua mwamba anatundika kitambaa chekundu na sisi wote tunakimbia. Sasa watu wakaona wekundu juu ya machimbo yetu wenyewe. Walikimbia! Mzee mmoja aliacha viatu. Lori lililokuja kupakia likageuza, likaenda kununua kokoto kwingine. Watu walilala kifudifudi kwenye mabua ya alizeti mpaka mchana, wakisubiri mlipuko.

Hakuna kilicholipuka. Wakainua vichwa. Wakaona ni shimizi. Wakaja nayo hapa msibani, msafara mzima, imening'inia kwenye mti wake, mpaka mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu, mama Anastazia, simtazami usoni. Ndiyo desturi. Leo nimetazama kucha za miguu yake kwa muda mrefu sana.

Mughwai akasema nimemvua nguo dada yake akiwa kaburini. Nikamwambia hiyo ni bendera. Akaniuliza ya nchi gani.

Ijumaa, 12 Juni

Uraia. Dola ina mihimili mitatu. Serikali, Bunge, Mahakama. Kila mhimili unauchunga mwingine. Tuko pamoja. Hapo nikaona tatizo letu liko wapi. Machimbo hayana mihimili!

Nikaiunda leo leo. Serikali ni mimi. Bunge ni Chrispin, kwa sababu hanyamazi. Mahakama lazima awe mtu mzima, mwenye heshima, haonei mtu. Nikamteua mama mkwe. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia, uso nimegeuza pembeni, shikamoo mama, kuanzia sasa wewe ni Mahakama. Akaitikia marahaba. Akauliza kama nimekula.

Nikapeleka kesi. Jiwe ni la nani? Hapo ndipo nikakumbuka Mahakama ni mama yake Mughwai.

Mahakama ikasema haisikilizi kesi za mawe mtu akiwa hajamaliza kuoza. Bunge likapitisha sheria: Serikali imchinjie Bunge jogoo. Nikakataa. Mahakama ikasema kama Bunge limesema, limesema. Jogoo alikuwa wangu wa mbegu! Mughwai amekula paja.

Halafu Mughwai akasimama. Kumbe ana simu! Kumbe naye anamtazama mwalimu yule yule, anajificha kwenye banda la kuku! Akasema Azimio la Arusha limesema njia kuu za uchumi ni mali ya umma. Jiwe ni njia kuu ya uchumi. Nikamuuliza umma ni nani. Akasema kwa sasa ni yeye.

Amenipita masomo manne. Kesho sinywi uji mpaka nimtangulie.

Jumapili, 14 Juni

Mughwai aliaga anakwenda kanisani. Sikumsindikiza, nilikuwa kwenye somo. Mjinga mimi.

Somo ni Vita ya Maji Maji. Kule kusini mganga aliwapa watu maji. Ukipakwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji! Watu wa makabila mbalimbali wakaungana! Nilisimama mkekani nikapiga makofi, wakadhani nimechanganyikiwa na msiba. Hapo mtandao ukakata. Kikawa kinazunguka kiduara tu. Haidhuru. La muhimu nilishalipata. Maji yanalinda.

Kuinua macho, naona moshi. Machimboni. Jumapili!

Kanisa la Mughwai ni lile jiwe. Alikuwa amepanga juu yake kuni za mkokoteni mzima na tairi mbili, moto unaunguruma. Nyundo hakushika. Matanga yanakataza nyundo, moto hayajautaja. Na jiwe ni la aliyelichoma. Akilichoma upya ni lake! Kidogo nimsifu. Nikamlaani.

Nikabeba ndoo mbili za maji. Chrispin akaja mbio nyuma yangu na unga wa mtama, akasema bila mtama maji hayana nguvu. Ameyajulia wapi sijui. Tukafika. Mughwai akapiga kelele, shem, wewe, shem, usi... Nikasema maji! Nikamwaga. Nikasema maji! Nikamwaga ndoo ya pili.

Sasa. Mimi nimepasua mawe tangu sijaota ndevu. Hata mtoto wa hapa anajua ukimwagia maji ya baridi jiwe lenye moto kinatokea nini. Tunafanya hivyo kila siku. Ndiyo kazi yenyewe!

Lilipasuka. Mlio ulifika kanisani, watu wakatoka nje, wengine wakalala chini tena kwa mazoea. Sijawahi kuona jiwe limepasuka vizuri hivyo. Kutoka juu mpaka chini. Vipande safi, vya kubeba mkononi. Mughwai akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama. Akaniambia kwa adabu, ahsante sana shem, hapo umeniokolea jasho jingi.

Mimi nilikuwa naitafuta nyusi yangu ya kulia. Haipo.

Jumatatu, 15 Juni

Mtandao umerudi asubuhi. Nimemalizia somo. Kumbe maji hayakufanya kazi! Walikufa watu wengi mno. Mwalimu analisema hili mwishoni. Jambo kama hilo ni la kusema mwanzoni!

Leo wapasuaji wote wamekaa machimboni kuamua. Mughwai kasema: mimi nimechoma, ni langu. Mimi nikasema: mke wangu alichoma kwanza, na aliyepasua ni mimi. Wakaniuliza nilikusudia kupasua? Nikasema nilikusudia kulinda. Wakacheka. Chrispin akasema basi lipewe Bunge. Mtu mmoja akasema tugawane kama Berlini. Kumbe kila mtu sasa anamtazama yule mwalimu! Makelele. Mughwai akanikamata shati. Mimi nikamkamata sikio.

Mama mkwe akatokea. Kwa miguu, na fimbo, kutoka nyumbani. Hajawahi kufika kule. Shikamoo zikawa nyingi. Hakuitikia. Akauliza Yunisi alikuwa anakaa wapi.

Nikaonyesha kwa kidole. Kushoto kwangu, pale penye gunia. Miaka yote hiyo nyundo yangu ikipiga, ya kwake inajibu.

Akaenda akakaa juu ya gunia. Mguu mmoja mbele. Akaokota kipande cha lile jiwe, akakipima uzito. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu amelala chini ya rundo la udongo, mbuzi wanapanda juu. Nyie mnavutana masikio. Haya mawe yatajengea kaburi. Wewe Mughwai utagonga. Na wewe baba, unayenitazama miguu tangu juzi, utagonga. Mtakaa hapa wawili, mtagonga mpaka yawe kokoto."

Mughwai akauliza na yeye akae wapi. Akamwambia popote, ila siyo hapa. Gunia lisikaliwe.

Mughwai akashikwa na kwikwi tena. Mimi moshi uliniingia machoni. Moto ulizimika jana lakini moshi unakaa, watu hawajui.

Jumanne, 16 Juni

Matanga yameanuliwa. Tumenyoa. Watu wamekula, wamechukua masufuria yao, wameondoka. Chrispin ameondoka na kitenge. Huruhusiwi kukasirika.

Nyumba imekuwa kubwa.

Nimewaza sana. Mama mkwe amesema kweli na nimemkubalia, huku natazama ukuta. Lakini kaburi ni dogo. Jiwe ni kubwa kama chumba. Tukishajengea kaburi, yatabaki. Yatabaki mengi! Na Mahakama haikusema ya kubaki ni ya nani. Nadhani Mughwai naye ameliona hilo. Leo nimemkuta kaburini anapima urefu kwa hatua. Akasema anaomba. Nani anaomba huku anahesabu?

Lakini safari hii sigombani. Nimebadilika. Nimefungua somo jipya, Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Nchi mbili zinakuwa moja, wanachanganya udongo, hakuna mtu anapigwa. Nimelitazama robo tu na nimeshalielewa lote. Nitamwambia Mughwai tuungane. Jiwe moja, lori moja, rais mmoja. Rais mimi, yeye makamu. Udongo nimeshauchota kwangu kwenye kopo, wa kwake nitauchota asubuhi akiwa bado amelala, ili akiamka akute tumeshaungana. Hawezi kukataa. Hakuna kinachoweza kuharibika.

Nyundo nimeiloweka mpini ukaze. Ya Yunisi pia nimeiloweka, sijui kwa nini.

Kesho narudi kazini.