Malalamiko Kuhusu Gesi Mpya Uliyoijaza Kwenye Pijo Yangu

Ruhuwiko, Songea
Juni

Kwa Shemeji Amedeus, fundi wa viyoyozi vya magari, Namtumbo.

Natumaini hamjambo. Dada yako Pamela ni mzima. Ninayeumwa ni mimi, na ugonjwa wangu umetoka gereji kwako.

Ni kweli nilikuomba mwenyewe. Pijo 504 aliyoniachia marehemu baba ilikuwa na kiyoyozi kilichokufa zamani, na gesi yake haiuzwi tena kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Ukasafisha mabomba, ukabadili oili na mipira ya maungio, ukajaza gesi mpya. Kikapoza vizuri mno. Hapo ndipo lilipo kosa lako.

1. Kiyoyozi kinataka vioo vifungwe. Mama Lidwina ni mama yako mzazi, lakini kwangu ni mama mkwe, na mila unazijua: unamwamkia shikamoo, unampa kiti, kisha unatafuta shughuli mbali. Miaka yote nilipompeleka kijijini Mpitimbi vioo vilikuwa wazi. Aliuliza, nikaitika "naam, mama", upepo ukachukua yote, tukashuka tunaheshimiana. Sasa humo ndani kimya kama kanisani. Anasikia hadi tumbo langu.

2. Amegundua kwamba nina maoni. Juzi aliniuliza naionaje ndoa yangu, na hapakuwa na upepo wa kunisaidia. Nilikohoa mpaka Mpitimbi.

3. Shemeji, huu ni mwezi wa sita. Songea nzima imevaa makoti. Lakini mama anashikilia kwamba gesi isipotumika itachacha, kama togwa, hivyo kiyoyozi kiwashwe hadi mwisho. Naendesha nimejifunga blanketi, na trafiki wa njia panda ameanza kunipa pole ya msiba.

4. Mama haji tena nyumbani, anakuja garini. Jumamosi aliwaita wanajumuiya wenzake wakasali rozari humo humo. Kwa kuwa nilikuwa kwenye usukani, nilipangiwa kuongoza tendo la tatu.

5. Hili sasa ni la taifa. Kila gari kuukuu la Ruvuma likijazwa gesi hii, wakwe watafahamiana. Wakifahamiana, hakuna mama atakayekubali kumwoza binti yake. Tabaka la ozoni litakuwa zima, lakini chini yake hatakuwepo mtu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje uitoe gesi hiyo, au utoboe bomba kwa bahati mbaya. Usipokuja, nitahamia Tunduru nikalime korosho, mama nimwachie gari na rozari yake.

Msalimie Skolastika, watoto, mafundi wote wa gereji, na yule mbwa anayelala chini ya lori.

Ni mimi, shemeji yako, mpole kwa sasa,
Gaspari Mapunda (Baba Otto)

N.B. Sikuwa nimeifunga bahasha. Leo kiyoyozi kimekata chenyewe tukiwa njiani, tukashusha vioo. Mama alikuwa ananisimulia siku marehemu mzee wenu alipokwenda kumposa, akakimbizwa na bata mzinga wa misheni hadi akapanda juu ya paa. Hapo hapo upepo ukaingia, sikusikia tena kitu. Nilipomwomba arudie, akasema, "Siwezi kupiga kelele barabarani, baba. Mpaka vioo vifungwe." Shemeji, mzee bado yuko juu ya paa. Njoo leo na mtungi wa gesi.