Mguu wa Mbwa na Suruali Yangu

Nimevuliwa nguo leo, na hakuna aliyenigusa.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Kahama. Asubuhi ameingia Mama Kulwa, mama lishe kutoka machimbo ya Nyarugusu, na mbwa wake, Bosi. Kagongwa na bodaboda. Mguu wa nyuma vipande viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari, mbwa wangu wa kwanza alipasuliwa, mguu ukaoza, akafa. Huyu nitasimama hapa hapa niwaangalie."

"Simama mlangoni. Usisogee, usiguse kitu! Bakteria wakiingia kwenye mfupa, tumekwisha." (Nilisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio.)

Neema, msaidizi wangu, akampiga Bosi nusu kaputi. Tukamnyoa mguu mzima, tukausugua kwa dawa mara tatu. Unyayo tukauviringishia bandeji safi, maana kucha za mbwa wa machimboni zimekanyaga mengi. Nikanawa hadi viwikoni. Nikavaa gauni lililochemshwa, lile la kufungwa mgongoni (kamba imebaki moja, ya shingoni), na glavu mpya.

Nikapasua. Mfupa ukaonekana. Nikaanza kuingiza pini ya chuma.

Hapo nikahisi suruali inateremka. Kamba ya kiunoni niliifunga kwa haraka.

Nikabana mapaja. Ikateremka. Nikabana magoti. Ikateremka! Mkono wa kulia ukaanza kushuka wenyewe kwenda kuidaka.

"Daktari! Bakteria!"

Ni Mama Kulwa. Na alikuwa sahihi kabisa.

Mkono ukarudi mezani. Suruali ikaenda sakafuni.

"Neema, nipandishie," nikanong'ona.

"Nampumulisha mbwa, daktari. Mikono yote miwili." (Hakuniangalia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.)

"Mayo, mama yangu! Nije mimi nikupandishie?" Mama Kulwa akauliza.

"Usisogee, mama!"

Hivyo nikaendelea. Karibu saa nzima, suruali kwenye vifundo vya miguu, gauni wazi mgongoni, bukta ya mananasi ikitazama mlangoni. Sikuweza kugeuka, sikuweza kujifunika, na kila Mama Kulwa alipokohoa nilijua anakohoa nini. Nikashona uzi wa mwisho. Nikavua glavu. Ndipo nikainama.

Pini imekaa vizuri. Kidonda safi. Bosi ameamka, akalamba mkono wa mama yake. Mama Kulwa alitokwa machozi. Nikasema afadhali, amesahau.

Akatoa simu akampigia mumewe, spika juu.

"Baba Kulwa, mguu umenyooka! Daktari ni mzuri, hagusi uchafu hata ukimvua nguo. Nimeshuhudia. Miguu yake yeye ndiyo myembamba, sijui hali vizuri?"

Foleni yote ya nje ilisikia. Ng'ombe ndio hawakucheka.

Nanyi mkitaka kucheka, chekeeni mbali. Kidonda changu bado kibichi.