Gofu la Kifalme kwa Siku Nne

Jumatatu, 2 Septemba

Msiba! Mwalimu anahama. Ametuambia saa kumi alasiri, kwenye benchi la karakana yangu, huku akifuta miwani kana kwamba anatangaza zamu ya kufagia darasa. Mwisho wa mwezi anakwenda kuishi kwa binti yake, mji wa mbali, chumba cha nyuma. Miaka thelathini tumekaa benchi hilo watu wanne: yeye, mwalimu wa hesabu mstaafu; daktari wa meno wa ghorofa ya juu, tunayemwita Koleo; Bwana Zulia, anayeuza mazulia mlango wa pili; na mimi, fundi mapazia. Benchi la watu watatu ni kiti kirefu tu.

Bwana Zulia, haraka haraka, akasema tumuagie nyumbani kwake. Tule, tucheze karata, basi. Kwake! Kila jambo la maana lazima litokee kwake. Nikasikia sauti ikisema hapana, Mwalimu ataagwa ng'ambo, kwa gofu na spa, na fundi atapanga kila kitu. Ilikuwa sauti yangu. Koleo akauliza nani kati yetu anajua gofu. Nikasema mimi. Ujanani nilicheza sana.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini Mwalimu alitabasamu. Niliona.

Jumanne, 3 Septemba

Kwa wakala wa safari. Dada wa mezani mchangamfu, kucha nyekundu. Nimemwambia nataka gofu, la hadhi, na mahali pa kuoga kifalme. Akaniuliza mara mbili kama kweli nataka gofu, maana wateja wake wote hutaka ufukwe. Nikamwambia dada yangu, gofu liko damuni mwangu. Alifurahi! Akasema wazee wa kupenda gofu wamebaki wachache. Neno "wazee" nimelisamehe.

Akanipa karatasi. GOFU LA KIFALME NA HAMAMU YA MALKIA. SIKU NNE. Hamamu! Ni spa ile ile, ila imevaa kanzu. Picha ilikuwa ndogo na miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwa sababu hainipendezi. Niliona kijani kingi. Kijani kinatosha.

Nimerudi kazini naelea. Nashona mapazia ya ukumbi wa benki, naona majani. Majani laini, yaliyokatwa sawasawa. Kisha mvuke. Vipande vya tango machoni. Mtu asiye na haraka ananikanda mabega. Mwalimu yuko kando, taulo kichwani, anasema bila wewe, fundi, nisingeyaona haya. Nilipozinduka nilikuwa nimeshona pazia pamoja na mkono wa shati langu. Ilibidi mke wangu aje kunifumua.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimetangaza rasmi. Kila mtu amelipa chake, hata Bwana Zulia, kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Koleo, ambaye hajui kukubali jambo bila kulichokonoa, akauliza uwanja una mashimo mangapi. Alisikia kwamba wa maana huwa na kumi na nane.

Nikampigia dada simu mbele yao, kwa mbwembwe. Nikauliza gofu lina mashimo mangapi. Akasema mengi sana, hakuna aliyeyahesabu, mengine yamezibwa ili wageni wasitumbukie. Akaongeza kwamba gofu lenyewe lina miaka mia sita, na kwamba langoni kila mgeni anapewa kofia ngumu.

Nikakata simu nikawatazama. Miaka mia sita! Mashimo yasiyo na idadi! Na kofia, kwa sababu ya mipira inayoruka. Koleo akapanda kwa wagonjwa wake. Bwana Zulia alikwenda kupanga mazulia ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mazoezi. Sina budi, wanasubiri niwafundishe. Fimbo: ya pazia, ya shaba, nzuri. Mpira: kile kirungu cha mbao kinachokaa mwisho wa fimbo. Uwanja: korido, mke wangu akiwa ameenda sokoni na Bwana Zulia akiwa kwenye chakula cha mchana.

Pigo la kwanza, hewa. La pili, hewa. La tatu, lo! Kirungu kikaruka, kikagonga mlango, kikaingia dukani kwa Bwana Zulia na kupotelea ndani ya zulia lililokunjwa. Lipi? Yapo arobaini. Aliporudi alinikuta nimekunjua kumi na saba, nimepiga magoti katikati. Nikamwambia nanunua. Ikabidi ninunue. Zulia la choo, la waridi.

Jioni mke wangu akauliza hivi gofu si lile jumba bovu, lililobaki kuta? Bibi yake alikuwa akisema nyumba ya mlevi imekuwa gofu. Nikamweleza kwa upole kwamba Kiswahili ni bahari, neno moja lina maana nyingi, na yeye bahati mbaya anaijua moja. Akasema haya, baba watoto. Akasema kwa sauti ile.

Jumatano, 11 Septemba

Nashona majoho ya kuogea. Meupe, ya kitambaa cha taulo, manne, herufi G kifuani kwa uzi wa dhahabu. La Bwana Zulia nimelipunguza vidole vinne. Hakuna atakayejua ila magoti yake.

Naye hakulala! Leo amekuja na viatu vya gofu vya kweli. Vyeupe, soli ina misumari, ametumiwa na mkwewe. Alitembea navyo koridoni mara sita, ko ko ko ko, akijitia kutafuta kitu. Roho iliniuma. Nikajitia hamnazo, nikaendesha cherehani kwa kasi mpaka uzi ukakatika.

Saa kumi Mwalimu akaja peke yake. Nikampima mabega. Akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba anaogopa. Kwa binti yake atakuwa mgeni wa kudumu: atauliza kikombe kiko wapi, atauliza kama anaruhusiwa kufungua dirisha. Hapa hajawahi kuuliza. Miaka thelathini anavuka barabara, anakaa, mimi nasogeza vitambaa.

Nilitaka kusema neno. Nikampima mabega tena, yalikuwa yale yale.

Nitamkosa sana. Basi, nimeandika.

Jumapili, 15 Septemba

Dada ametuma orodha ya vitu vya kubeba. Viatu imara, suruali ndefu, dawa ya mbu, tochi. Tochi! Kumbe tutacheza hata gizani, kama matajiri wasiotaka kuonekana. Nimeificha orodha. Bwana Zulia akiiona atanunua tochi kubwa kuliko yangu.

Mchana nimelala kwenye marobota ya kitambaa cha kijani. Nimeota nimepiga mpira ukapaa, ukapaa, haukushuka, nasi wanne tukaufuata polepole kwa majoho meupe, nyasi zikitutekenya nyayo, na hakuna aliyeuliza tunarudi lini. Ningependa kuota hivyo kila Jumapili.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika haya nimeketi juu ya jiwe.

Basi la mpakani lilitufikisha jana, viti vinavyolala, sawa kabisa. Leo asubuhi tukavaa. Suruali za miraba nilizoshona mwenyewe, miguu minane inayofanana. Mimi na fimbo yangu ya shaba. Bwana Zulia na misumari yake, ko ko ko. Tukafika langoni. Binti mwenye filimbi shingoni na bendera ndogo mkononi akatupa kofia ngumu, akatukaribisha, akasema kwa fahari: hili hapa gofu.

Kuta. Kuta bila paa. Nyasi za magotini, mlango usioelekea popote, popo wananing'inia penye ubaridi. Tulisimama. Koleo akauliza kwa adabu mashimo yako wapi. Yule binti akaonyesha kila upande.

Nilisikia damu ikinishuka mpaka kwenye soksi. Sauti ya mke wangu ikanijia: lile jumba bovu, lililobaki kuta. Neno moja. Maana mbili. Nilikuwa nimeijua ile nyingine.

Nikasema nilijua. Ndiyo, nilisema hivyo! Nikasema ndiyo ilikuwa zawadi yangu ya siri kwa Mwalimu. Yule binti akatazama fimbo yangu akauliza ni ya kazi gani. Nikasema ya kutembelea. Kisha akamvua Bwana Zulia viatu, maana misumari hairuhusiwi juu ya sakafu ya kale. Akabaki na soksi. Ingekuwa siku nyingine ningefurahi.

Nikajipa moyo: hamamu bado. Tukashuka ngazi nne. Shimo la mawe, kavu kabisa, na mjusi mmoja aliyetutazama kama tumechelewa. Maji yalikauka, binti akasema, zama za mtawala wa tisa. Bwana Zulia akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Koleo akafuata. Hata yule binti, mkono mdomoni.

Mwalimu hakucheka. Alitazama ukuta muda mrefu, mikono nyuma. Nilimpangia siku zake za mwisho nasi nikampa shimo. Sijawahi kuona aibu kama hii, na nimewahi kutundika mapazia ya hakimu juu chini.

Jumamosi, 21 Septemba

Safari inasema siku mbili za gofu, kwa hiyo tumerudishwa tena.

Mwalimu ndiye aliyeyabeba majoho. Akashuka ngazi nne za hamamu, akavaa lake juu ya suruali, akaketi ukingoni kwa ndani, mgongo kwenye jiwe lililopata jua. Akafumba macho. Akasema maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Tukaona haya kumwacha peke yake. Dakika chache baadaye tulikuwa wanne, weupe, herufi G kifuani, ndani ya birika lisilo na tone. Jua likapanda. Jiwe likawa vuguvugu. Nasema kweli: ukifumba macho, mawe yale yanakanda. Nyuki walipita. Muda ukawa mzito na mtamu, nikahisi tunaelea bila maji. Goti la Bwana Zulia lilikuwa nje, jekundu, nami sikulionea raha hata kidogo. Vizuri, kidogo.

Wageni wakaja na kamera. Wakatupiga picha kwa heshima. Mmoja akamuuliza yule binti sisi ni wa karne gani.

Bwana Zulia akatoa karata mfukoni mwa joho. Alikuwa nazo siku zote, mnafiki. Tukacheza mpaka kivuli kikatufikia. Hapo Mwalimu, bila kuinua macho kwenye karata zake, akasema fundi, mimi nilitaka benchi tu. Sikutaka ng'ambo wala gofu, la aina yoyote. Akasema siku ya kuondoka nisimtengenezee chochote. Nimkalishe pale, nisogeze vitambaa. Na baadaye, nikimkumbuka, nipande basi nije kumwona kama watu wanavyokuja, mikono mitupu, nigonge mlango.

Nikasema nitakukosa, Mwalimu. Ilitoka! Mbele ya wote, nikiwa na kofia ngumu. Bwana Zulia akageuka kumtazama mjusi. Koleo akapenga kamasi. Mwalimu akasema najua, cheza, ni zamu yako.

Nikaapa. Hakuna mipango tena. Nitasogeza vitambaa, nitapanda basi, nitagonga mlango. Nimeona mwanga.

Jumatatu, 23 Septemba

Asubuhi nimekwenda kwa wakala kulalamika. Njia nzima nilikuwa nikinoa maneno. Nilipoingia dada akainuka, akauliza gofu lilikuwaje, macho yanang'aa. Nikasema zuri sana. Nifanyeje? Alikuwa ametengeneza kucha upya.

Nikageuka niondoke, na ukutani nikaona tangazo. SAFARI YA NDEGE. SIKU MBILI. NDEGE ZAIDI YA MIA TATU. Mia tatu! Kampuni yenye ndege mia tatu si ya mchezo. Nikauliza inafanyikia wapi. Akataja mahali, nusu saa tu kutoka mji wa binti yake Mwalimu. Mwalimu ana miaka sabini na hajapanda ndege maishani mwake!

Dada akaeleza kila kitu. Anasema ndege wengine hutoka bara jingine kabisa, hutua hapo mara moja kwa mwaka, wakapumzika, wakaondoka. Kiswahili chake kina kasoro, husema "ndege wengine" kana kwamba wana mama zao, lakini kazi anaijua. Masharti ni makali: tufike kabla jua halijachomoza, tuvae rangi za majani, tubebe darubini, na tusinong'one hata neno. Daraja la kwanza ndivyo lilivyo.

Niliapa, ndiyo. Lakini pale shimoni tulizungumzia gofu. Ya ndege hatukuyagusa. Na mlango nitagonga, kama alivyotaka, ila nitagonga nikiwa na tiketi.

Sasa cherehani inalia na mimi siisikii. Naona mawingu, meupe, yamelala kama kitambaa kipya kabla ya mkasi. Naona Mwalimu ameegemea kioo, miwani imepanda kwenye paji la uso, anatazama chini na kuhesabu mito. Haombi ruhusa ya kufungua dirisha.

Nimeweka nafasi za watu wanne, mwezi ujao. Nimeomba Mwalimu apewe kiti cha dirishani. Dada alinitazama kidogo, kisha akaandika.